Saa Isiyo na Kioo

Watu wa mtaa walikuwa wamekwisha kukata shauri, hata kabla ya maziko, kwamba Mzee Patasi ameuawa na ngazi zake mwenyewe. Ngazi zenyewe za mbao, nyembamba, zimesimama wima utadhani zilijengwa kwa ajili ya paka; naye mzee umri ulikuwa umemtupa mkono. Aliteleza, akaanguka, Mungu amlaze pema. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajaridhika, na kutoridhika ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Huyo alikuwa inspekta wa upelelezi ambaye kituoni, akishageuza mgongo, walimwita Kobe. Jina lilitokana na shingo yake ndefu na mwendo wake usiojua haraka. Alilijua, wala halikumuudhi. Alichokuwa akisema ni kwamba hajawahi kusikia kobe aliyekipita kitu njiani bila kukiona.

Mchana huo alikuwa amesimama tena juu ya ngazi zile, katika karakana ya marehemu, akimsubiri koplo wake amalize kupanda. Koplo alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwepesi wa ulimi kuliko wa miguu.

"Afande," akasema alipofika juu, mkono kiunoni, "kama muuaji ni ngazi hizi, basi mimi zimenikosakosa tu."

"Pumua kwanza. Kisha niambie tunachojua."

"Tunachojua ni kidogo. Tunachosikia ndicho kingi."

"Anza na kidogo."

Koplo akaanza. Mzee Patasi alianza maisha kwa kuchonga milango na vitanda, ndipo alipopata jina lake. Ukubwani akageukia saa za mkononi, akawa anazichonga kama mwingine anavyochonga sanamu, na hakuna mbili zilizowahi kufanana. Alifanya kazi na watu wawili tu: binti yake, aliyekuwa akiyeyusha na kumimina madini katika chumba cha chini, na mshirika wake wa tangu ujana, mwenye duka la saa mjini, aliyekuwa akiziuza. Jumatano binti alikwenda kulala kwa shangazi yake. Alhamisi asubuhi aliporudi alimkuta baba yake chini ya ngazi, amekwisha kupoa. Daktari alisema nyonga ilivunjika, na damu ikavujia ndani kidogo kidogo. Hakufa palepale. Alilala pale akiwa hai, pengine jioni nzima.

"Na saa?"

"Saa aliyokuwa akiihangaikia muda wote huu haikuwapo mezani. Anayo mshirika. Anasema alikabidhiwa na marehemu mwenyewe Jumatano mchana, kwa moyo mweupe, aipeleke kwenye maonyesho. Binti anasema baba yake asingeitoa."

"Maneno mawili yakigongana, moja litapasuka."

"Mimi naona litapasuka la binti," Koplo akasema. "Mshonaji wa nyumba ya pili aliwasikia wakigombana, baba na mwana, siku moja kabla. Binti anasema, 'Utamwambia lini? Ukiendelea kunyamaza utatuponza.' Hapo kuna siri, afande. Na siri ya mzazi na mwana ukiifukua, chini yake utakuta urithi."

"Utakuta vitu vingi," Kobe akasema, akaanza kuzunguka chumba.

Alikuwa amekwisha kukizunguka siku ya kwanza, lakini siku ya kwanza alikuwa akitafuta alama za mapambano. Leo hakuwa akitafuta kitu maalumu, na hiyo ndiyo namna yake ya kutafuta. Chumba kilikuwa kirefu, dirisha moja, pazia zito limefungwa. Akabonyeza swichi ya taa. Hapakuwaka kitu. Akainua shingo yake ndefu kuelekea darini: kishikio cha balbu kilikuwa kitupu, na ndani yake buibui alikuwa amejenga, amehamia, na kwa dalili zote ameacha wajukuu.

"Buibui huyu hakuanza kazi juzi," akasema.

"Mzee alikuwa mbahili wa umeme."

"Mtengeneza saa anayefanya kazi gizani?"

Koplo akafungua pazia. Mwanga ukaangukia meza ya kazi. Vifaa vyote vilikuwa vimelala kila kimoja ndani ya kitanda chake kilichochongwa kwenye ubao: tupa, bisibisi, vibano, visu vya nta. Mbele ya kila kitanda, ukingoni mwa meza, palikuwa na alama ndogo iliyokatwa kwa kisu. Hapa mfereji, pale kitone, kwingine pembe tatu. Juu ya rafu palikuwa na miwani. Vioo vyake vilikuwa vizima, lakini vumbi lililovifunika lilikuwa zito kiasi cha kuandikika jina.

Kisha ile kamba. Ilikuwa kamba ya katani, nyembamba, iliyopigiliwa ukutani usawa wa kiuno, ikatoka mezani, ikapita penye jiko la mafuta, ikaenda hadi kwenye kizingiti cha ngazi. Siku ya kwanza Koplo aliiandika kuwa ni kamba ya kuanikia michoro.

"Umeona mchoro wowote hapa?" Kobe akauliza. "Umeona hata kibanio?"

"Sijaona."

"Iguse."

Koplo akaigusa. Ilikuwa laini na ya mafuta mafuta, kama mpini wa jembe la zamani. Hakusema kitu, na kwa Koplo hilo lilikuwa jambo la kuandikwa kwenye jalada.

Chini ya meza palikuwa na droo ndefu, pana. Kobe akaivuta mpaka mwisho. Ndani yake zilikuwa zimepangwa sampuli za nyuso za saa, za shaba na za nta, moja baada ya nyingine, kuanzia kushoto. Magazeti yaliwahi kuandika habari zake. Mwandishi mmoja alimsifu mzee kwa "ujasiri wa kuitupa namba, kuitupa rangi, na hatimaye kuutupa uso wenyewe." Kobe alikuwa ameyasoma maneno hayo asubuhi akinywa chai, na hakuyaelewa. Sasa akavuta kigoda, akakaa, akaziangalia sampuli kama mtu anayesoma.

Za mwanzo zilikuwa na namba nyembamba, nzuri, zilizochorwa kwa rangi za kupendeza. Zilizofuata namba zilinenepa. Zikaja nyuso nyeupe tupu zenye namba nyeusi kubwa, kubwa mno, hazikai vizuri ndani ya duara. Kisha nyuso zenye namba nne tu. Kisha mbili. Baada ya hapo namba zikaisha, na rangi nazo zikaisha. Uso wa saa ukaanza kuota vilima. Mwanzo vidogo, vya kubahatisha, kisha vyenye uhakika: matuta, mabonde, mgongo uliopinda kama wa samaki. Sampuli ya mwisho, ya nta, haikufanana na saa hata kidogo. Ilifanana na kokoto la mtoni lililobonyezwa na vidole.

"Koplo, njoo. Ukiacha yale ya gazetini, mtu huyu alikuwa akifanya nini hapa?"

"Alikuwa akibuni."

"Tazama hizi namba. Kwa nini zinanenepa?"

Koplo akatazama kutoka kushoto kwenda kulia, akarudia, kisha akageuka kuiangalia miwani ya vumbi na kamba ya ukutani. "Mama yangu wee," akasema pole pole. "Alikuwa haoni."

"Alikuwa anaishiwa, kidogo kidogo. Kila saa aliichonga kwa macho aliyobaki nayo. Hii ya mwisho aliichonga bila macho."

Walipokuwa wakishuka, Kobe aliwasha tochi na kuchungulia uwazi ulio nyuma ya vidato. Akapiga magoti. Akaingiza mkono mpaka begani, akatoka nao una vumbi na kitu chembamba cha mviringo. Kilikuwa kioo kidogo, kimebinuka kama kifuniko, kipya, bila mkwaruzo.

"Cha miwani," Koplo akasema.

"Miwani umeiona, ina vyote viwili. Hiki ni kioo cha saa." Akakitia kwenye bahasha. "Sasa tumsikilize binti."

Binti wa Patasi walimkuta chumba cha chini, aproni ya ngozi kiunoni, akisugua kipande cha shaba kwa msasa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imejaa makovu madogo ya moto. Aliwaonyesha benchi kwa kidevu, hakuacha kusugua.

"Pole na msiba, dada," Kobe akasema. "Nitauliza jambo moja. Baba yako alikuwa haoni tangu lini?"

Msasa ukaendelea, ukapungua, ukasimama.

"Nani amekwambia?"

"Droo."

Akaiweka shaba chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, kiganja kwanza, kisha mgongo wa mkono, kama mtu anayejipa muda.

"Mwanga na giza alikuwa akivitambua," akasema. "Basi. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Aliniapisha kwa kaburi la mama nisimwambie mtu. Alisema saa iliyotengenezwa na kipofu wataisifu hata kabla hawajaivaa, na sifa ya namna hiyo ni sadaka. Hakuwa mtu wa kupokea sadaka."

"Lakini ulitaka aseme."

"Nilitaka amwambie Tai."

Tai ndiye mshirika. Walimwita hivyo kwa sababu ya tai asiyoivua shingoni hata kwenye joto. Washindani wake walisema jina limetokana na yule ndege.

"Kwa nini Tai?"

"Kwa sababu ya kioo." Binti akainuka, akachukua sampuli ya nta rafuni, akaiweka kiganjani mwa Kobe. "Fumba macho, afande. Usione haya, fumba. Sasa pitisha kidole pembezoni. Unasikia ule mfereji? Katika saa yenyewe kuna gololi inayotembea humo ndani. Hiyo ndiyo saa. Katikati kuna sahani inayozunguka, ina nundu moja. Hiyo ndiyo dakika. Vile vilima vinakwambia gololi iko wapi. Kilima kirefu ni sita, kile kilichopasuka ni tisa. Na tumbo la kasha limepinda ili saa ikae upande wa ndani wa mkono, kidole gumba cha mkono wa pili kiifikie bila kutafuta. Baba alikuwa akijua saa huku anaongea na wewe, wala usingemwona akiangalia."

Kobe alifumbua macho. Koplo, ambaye hakuambiwa, naye alikuwa amefumba yake.

"Kioo kingeiua," Kobe akasema.

"Kingeifanya pambo. Lakini Tai alikuwa hajui. Yeye anaona saa isiyofunikwa, inaingia vumbi, inaingia jasho, wanunuzi watacheka. Kila akija ni kioo, kioo. Baba anasema hapana. Kwa nini? Hapana tu. Mwaka mzima wanakosana kwa jambo ambalo maneno matatu yangelimaliza."

"Tai atakosaje kujua? Amekuja hapa mara ngapi."

"Humu baba alijua kila kitu kilipo. Wageni aliwapokea juu, amekaa kwenye kiti chake. Anamgeuzia mtu uso anapozungumza, moja kwa moja, kama wewe na mimi. Akitaka kitu ananyoosha mkono, anasema 'nipe'. Tai alikuwa akikasirika. Aliniambia siku moja, baba yako siku hizi amekuwa sultani, hata kikombe kilicho mbele yake anataka akabidhiwe."

Kobe akatoa bahasha. "Hiki ni chenu?"

Binti akakiangalia kile kioo, hakukigusa. "Humu ndani hatuna kioo hata kimoja," akasema. "Baba alivitoa vyote. Alisema vitamtia Tai tamaa."

Duka la Tai lilikuwa kwenye barabara pana, sakafu inang'aa, saa za ukutani zikigongana kwa adabu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kubembeleza wateja. Aliwakaribisha ofisini nyuma ya duka, akafuta viti ambavyo havikuwa na vumbi.

Saa ya Patasi ilikuwa mezani, juu ya mto mdogo wa mahameli. Sasa Kobe aliiona ilivyo: fedha iliyofifia, kasha lililopinda, mgongo, bonde, gololi ya chuma mferejini. Na juu ya vyote hivyo, kimebinuka, kisafi kama machozi, kioo.

"Umekiweka lini?" Kobe akauliza.

"Ijumaa. Marehemu mwishoni alikubali. Sisi ni watu wazima, tulielewana."

"Nisimulie tena hiyo Jumatano. Mwenzangu ataandika."

Tai akaeleza bila kujikwaa. Alifika mchana. Alimkuta rafiki yake kwenye kiti chake, mchangamfu. Wakaongea ya maonyesho. Alikuwa amempelekea mikanda miwili ya ngozi achague, mmoja wa kijani na mmoja wa kahawia.

"Akachagua?"

"Alichagua wa kijani. Unajua mafundi wa zamani walivyo. Aliinuka, akaenda nayo dirishani, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaiangalia muda mrefu. Akasema, 'Huu wa kijani, kahawia unaizeesha.' Kisha akanikabidhi saa. Nikamuaga, nikamwacha amekaa, mzima wa afya."

"Alisema kijani?"

"Kwa mdomo wake."

"Umeandika, Koplo?"

"Nimeandika, afande. Kijani."

"Na ngazini uliacha kitu chochote?"

"Niache nini ngazini?"

Kobe akatoa kioo kwenye bahasha, akakiweka mezani kando ya saa. Vioo viwili vilikaa pale, kimoja juu ya saa na kingine juu ya meza, na hata mtu asiye fundi angeona kwamba ni pacha.

Tai akakohoa. "Vioo vya aina hiyo viko vingi."

"Hiki kilikuwa nyuma ya kidato cha chini."

"Huenda kiliniponyoka mfukoni. Nilikuwa navyo vichache."

"Vichache, mfukoni?"

"Katika kiboksi. Labda kiboksi." Akairekebisha tai shingoni. "Sioni kosa la mtu kubeba vioo."

"Hakuna kosa," Kobe akasema. Akamwashiria Koplo, naye akafungua mfuko aliokuja nao, akaanza kupanga juu ya meza sampuli za ile droo, kutoka kushoto kwenda kulia. Alizipanga pole pole. Namba nyembamba, namba nene, namba kubwa, namba mbili, vilima.

"Hizi ninazijua zote," Tai akasema. "Nimeziuza mwenyewe."

"Ulipokuwa ukiziuza uliwaambia nini wanunuzi? Kwa nini namba zilikuwa zinakua?"

"Mtindo. Sanaa."

"Mshirika wako alikuwa anapofuka, bwana. Hii hapa aliichonga akiwa bado anaona kwa shida. Hii, akiona vivuli. Na hiyo uliyoifunika kioo aliitengeneza akiwa haoni kabisa, ili ajue saa kwa kidole. Jumatano uliyomwona akichagua kijani dirishani, kijani na kahawia kwake vilikuwa kitu kimoja. Na pazia la dirisha lile lilikuwa limefungwa."

Tai alimtazama Kobe, kisha akamtazama Koplo, kama mtu anayetafuta ni yupi kati yao anayetania. Alipokosa, akakaa. Alikaa vibaya, kwenye ukingo wa kiti.

"Hapana," akasema. "Ningejua. Tangu tuko vijana tuko pamoja, ningejua."

"Binti yake alijua."

"Alikuwa akinitazama usoni."

"Alikuwa akiitazama sauti yako."

Tai akanyoosha mkono juu ya saa, kidole kikagonga kioo. Akakiondoa haraka. "Nipe," akasema, si kwa mtu. "Kila kitu, nipe. Nikawa nasema moyoni, huyu ananifanya mtumishi wake." Saa za ukutani upande wa dukani ziliendelea na mambo yao. Kobe hakumharakisha; katika kazi hiyo alikuwa hodari wa kungoja kuliko wa kuuliza.

"Hakunipa," Tai akasema hatimaye. "Niliichukua."

"Eleza."

"Nilikwenda na kiboksi cha vioo nimjaribishie. Akakataa. Nikamuuliza sababu, akasema hana haja ya kunipa sababu. Tukarushiana maneno. Akaniambia, 'Wewe nani katika saa hii?' Mimi, niliyemuuzia saa zake zote. 'Wewe nani?' Nikaichukua saa mezani mbele yake. Hakunizuia, akabaki ameelekeza uso palepale mezani. Nikadhani ni dharau, kwamba haoni hata haja ya kugeuka. Nikasogea mlangoni, nikakiweka kiboksi kwenye kizingiti ili niifunge saa kwenye kitambaa, nikashuka. Kiboksi nikakisahau."

"Ulikisahau?"

"Naapa nilikisahau. Nilikuwa na hasira. Nimefika mlango wa nje, nikamsikia juu anapapasa meza, kisha anakuja mbio. Akaanguka na kiboksi pamoja, vyote vikaja chini. Nikarudi ndani."

"Ulimkuta hai."

"Hai."

"Ukafanya nini?"

Tai akaangalia mikono yake. "Nikaokota vioo."

Kalamu ya Koplo ikasimama. Kobe akamwashiria kwa kichwa, ikaendelea.

"Vilikuwa vimetawanyika kila mahali. Niliona watu wakija wataviona, watasema nilikuwepo, tuligombana. Nikapiga magoti, nikawa naviokota. Yeye amelala pale, hatua moja kutoka kwangu, amenigeuzia uso. Macho yake yako kwangu. Akaniuliza, 'Nani? Wewe nani?'" Sauti yake ya kubembeleza wateja ilikuwa imemtoka; iliyobaki ilikuwa ya mtu mwingine, mzee zaidi. "Ndiyo maneno yaleyale ya juu. Nikasema moyoni, hata hapo alipo bado ananitukana. Akarudia. 'Wewe nani? Nisaidie.' Ananitazama, ananijua tangu ujana, ananiuliza mimi nani. Sikumjibu. Nikamaliza kuokota, nikatoka, nikafunga mlango."

"Alikuwa akiuliza kweli," Kobe akasema.

"Najua sasa."

"Ungemjibu neno moja angeijua sauti yako."

"Najua, inspekta. Si unaona kwamba najua."

Koplo alimletea karatasi aweke sahihi. Tai aliisoma yote mpaka chini, akasahihisha neno moja lililokosewa herufi, akatia sahihi. Kisha akaomba ruhusa aivue tai yake, kwa sababu alijua kwamba huko anakokwenda wataichukua.

Walipokwisha kumkabidhi kituoni, Koplo alikaa garini bila kuwasha injini.

"Afande, huyu anasema hakujua kwamba mzee haoni. Mahakamani kila mtu hakujua. Kama alijua, basi kile kiboksi alikitega."

"Hakujua."

"Unamwamini?"

"Simwamini yeye, nauamini uongo wake. Mtu anayejua kwamba mwenzake ni kipofu hawezi kumtungia hadithi ya kijani na kahawia. Angetunga nyingine. Uongo ule ndio shahidi wake pekee, na mwendesha mashtaka ataukubali, apende asipende."

"Kwa hiyo hakuua."

"Hakumsukuma," Kobe akasema. "Alimwacha. Hilo nalo lina kifungu chake. Twende kwa binti."

Jua lilikuwa bado lipo walipofika. Mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi, na binti alikuwa ameketi kwenye kidato cha pili kutoka chini cha zile ngazi, aproni mapajani. Koplo alibaki nje kwa visingizio vya tairi. Kobe akaingia, akasimama, akamweleza mambo kwa mpangilio wake: mabishano, saa iliyochukuliwa, kiboksi kizingitini, mwanguko. Alipofika kwenye yale maswali ya mzee, hakuyaruka. Angeyasikia mahakamani siku moja, mbele za watu, na Kobe aliona heri ayasikie mahali alipo na pa kushika.

Binti alisikiliza bila kumkatiza. Alishika nguzo ya ngazi kwa mkono mmoja.

"Na Tai," akauliza, "kwa kweli hakujua? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hakuwa akishuku?"

"Alidhani baba yako anamdharau. Siku zote hizo."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwisha kukinunua. Nje mshonaji alikuwa akifunga madirisha yake.

"Alikuja hapa wiki ile," binti akasema. "Tai. Kabla ya Jumatano, baba amelala. Alisimama hapo uliposimama wewe. Akaniuliza, 'Mwanangu, nimemkosea nini baba yako? Niambie, mimi nitamwomba radhi.'"

Akaikunja aproni mapajani, akaikunjua.

"Nikamwambia hakuna kitu, mjomba. Ndivyo alivyo."

Akasema hivyo, akabaki anaangalia mlango. Kobe alikuwa na vifungu vyote vya sheria kichwani, na hakuna hata kimoja kilichohusika. Akavua kofia yake, akakaa kwenye kidato kilicho chini yake, akakaa naye.